Saini kwenye Karatasi Tupu: Uhakiki wa Chapa za Chakula za Salvador Dalí

Makala haya yanahakiki chapa za Salvador Dalí (1904–1989), mchoraji wa Hispania, zinazohusu chakula. Ni chapa za idadi maalumu zenye saini, na wakusanyaji wa sanaa huzitafuta hadi leo. Swali langu ni moja: anayezinunua hukusanya picha au jina?

Dalí alifuata usurealisti, mkondo unaochanganya ndoto na mambo ya kila siku. Chakula kilimfaa. Alieleza kwamba saa zake laini za mwaka 1931 zilitokana na jibini lililoyeyuka. Mwaka 1938 aliweka kambakoche juu ya simu. Mwaka 1973 alitoa Les Dîners de Gala, kitabu chenye mapishi 136 na picha zake. Nguvu ya picha hizo ni kwamba zinamkumbusha mlaji jambo analopenda kulisahau: kilichomo sahanini kilikuwa hai. Udhaifu wake ni kwamba zinajua shibe tu. Baadhi ya mapishi yalitoka Maxim's na La Tour d'Argent, mikahawa ya kifahari ya Paris. Njaa haimo.

Sasa tuitazame saini. Katika litografia, msanii huchora juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta, kisha nakala huchapwa. Akiandika 12/200 kwa penseli na kutia saini, anaahidi mambo mawili: nimeiona nakala hii na kuikubali, na hazitazidi 200. Ahadi hiyo ndiyo inayolipiwa.

Dalí aliivunja. Alitia saini karatasi tupu ili wengine wachape juu yake baadaye. Mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha gari lililokuwa likielekea Andorra likiwa na karatasi kama 40,000 za aina hiyo. Sisi wa Rusizi, tunaovuka mpaka kwenda Bukavu, tunajua forodha hukagua mzigo. Lakini hapo mzigo ulikuwa jina peke yake.

Wapo watakaosema kwamba hilo nalo ni tendo la kisurealisti. Sikubaliani nao. Ndoto humshangaza mtazamaji. Karatasi tupu humpunja mnunuzi.

Nadai basi kwamba chapa ihukumiwe kwa picha kwanza, saini baadaye. Ziwa Kivu linatupa kipimo. Sambaza waliletwa humo kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wavuvi huwavuta usiku kwa taa, mitumbwi ikiwa imefungwa mitatu mitatu. Samaki wageni wakiifuata nuru hadi wavuni: hiyo ni picha ya chakula yenye ndoto na njaa pamoja. Atakayeichora vizuri hatahitaji jina kubwa ili tuitazame.

Nasi wanafunzi wa fasihi tujichunge. Mara nyingi tunausifu utenzi kwa sababu ya jina lililo kwenye jalada, kabla ya kusoma ubeti wa kwanza. Huko nako ni kununua karatasi tupu.