Sikio la Mpika Mawese

Mkungu wa ngazi, matunda ya mchikichi, ukishushwa haupikwi siku hiyohiyo. Hufunikwa kwa majani siku mbili tatu mpaka matunda yalegee na kuachia miiba. Asiyeweza kungoja huumia vidole. Anayengoja kupita kiasi hupata mafuta yanayowasha koo, kwa kuwa tunda lililochubuka lina kimeng'enya kinachovunja mafuta ya tunda lenyewe. Kinachokizima ni maji yanayochemka. Akina mama wa Kailo, mashariki mwa Kongo, hawakuhitaji jina la kimeng'enya hicho ili kujua siku ya kuwasha moto.

Pipa la matunda huchemka kwa saa nyingi. Tunda huminywa kwa vidole: nyama ikiteleza na kuacha kokwa, limeiva. Hapo hutwangwa, makapi yakaoshwa kwa maji ya moto na kukamuliwa, na mafuta yakaelea na kuenguliwa taratibu. Lakini ustadi wenyewe umo katika moto wa mwisho. Mafuta hurudishwa jikoni kukaushwa maji, na mpishi husikiliza. Maji yakiwamo, mafuta hutatarika. Sauti ikikoma, kuni huondolewa mara moja. Akichelewa sana, wekundu hufifia, na wekundu huo ndio mali: karotini, nusu gramu na zaidi katika kila kilo.

Karotini mwilini hugeuka vitamini A. Mwaka 1933 George Wald aliikuta vitamini hiyo ndani ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mwaka 1967 akashiriki Tuzo ya Nobel. Mtoto anayeikosa haoni jioni inapoingia. Sombe, yaani majani ya muhogo, pia ina karotini, ila bila mafuta mwili huinyonya kwa shida. Aliyeviunganisha viwili hivi chunguni alijua kupika, na mimi namvulia kofia.

Jicho linaloharibiwa na ugonjwa wa sukari ni habari nyingine. Hapo sukari hudhoofisha mishipa myembamba ya retina, ikavuja, kisha mipya dhaifu ikaota na kutoka damu. Mawese hayazibi mishipa hiyo, hata muuzaji aseme nini. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotangazwa 1993 ulionyesha kwamba wagonjwa wanaotegemea insulini waliodhibiti sukari kwa makini walipunguza hatari ya kuanza kuharibika retina kwa asilimia 76. Udhibiti huo ndio mlinzi tuliye naye leo, pamoja na kupimwa macho kabla hayajafifia.

Hata hivyo mimea haijafukuzwa katika tiba ya sukari. Metformini, kidonge cha sukari kinachojulikana kuliko vyote, kilitokana na uchunguzi wa ua la Ulaya liitwalo galega, na Jean Sterne alitangaza kukitumia kwa wagonjwa huko Ufaransa mwaka 1957. Sasa maabara nyingi huloweka majani, huchuja, hukausha, kisha huwapa panya waliotiwa ugonjwa huo na kuzichungulia retina zao. Panya kupona si binadamu kupona. Tena jani lililovunwa masika na lililovunwa kiangazi huweza kutoa nguvu tofauti, na hapo majaribio mengi hukwama: dawa ya leo si ya jana.

Mpika mawese analijua tatizo hilo, maana mteja wake huinua chupa juani kabla ya kulipa. Kwa hiyo mafuta ya mkungu uliochelewa hayaingii katika bidoni ya mafuta mazuri. Huwekwa kando, yakangoja mpika sabuni.