Huziba Juu, Hutoboa Chini

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto imekatwa ubavuni mwa milima ya Usambara: mwamba huku, bonde kule. Abiria hutazama bondeni, maana ndiko kunakotisha. Dada mmoja mwanajiolojia niliyepanda naye alikuwa akitazama mwamba. Tuliposhuka kwenye kona moja karibu na Soni, alikwenda moja kwa moja ukutani, akapitisha kidole juu ya ufa mwembamba kama uzi, akaweka dira yake, akasoma umeelekea wapi na umeinama kiasi gani. Kisha akaufuata ufa wa pili, na wa tatu.

"Jiwe lenyewe ni gumu, kaka yangu," aliniambia. "Shida ni nyufa. Nyufa zikiinama kuelekea mlimani, mwamba umelala. Zikiinama kuelekea barabarani, umekaa kitako ukingoni."

Akaokota vipande viwili bapa vya jiwe, akavipanga juu ya ubao wake wa kuandikia, akauinua ubao polepole. Vilitulia, vikatulia, mara cha juu kikateleza. Akapima pembe: nyuzi thelathini na kitu. Akarudia, safari hii akiwa ameongeza jiwe zito juu ya lile la kwanza. Nilidhani litateleza mapema zaidi. Liliteleza palepale. Uzito unaolisukuma jiwe kushuka ndio huohuo unaoligandamiza lisishuke, hivyo msukumo na mgandamizo hukua pamoja.

Ikiwa uzito haubadilishi hesabu, kwa nini mteremko uliosimama miaka elfu uporomoke usiku mmoja? Ni maji. Karl Terzaghi, mhandisi mzaliwa wa Prague ambaye kitabu chake cha mwaka 1925 kiliiweka elimu ya udongo kwenye msingi wake, alionyesha kwamba maji yaliyojaa ndani ya ardhi hubeba sehemu ya mzigo. Mvua ikiujaza ufa, maji hulisukuma jiwe la juu kama mtu anayekunyanyua kwapani. Uzito upo, lakini mgandamizo umepungua, na msuguano umelegea nao. Jabali linabaki gumu vilevile, ila halina tena pa kushikilia.

Hapo ndipo nilipoielewa upya methali tuliyokaririshwa shuleni, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa fani hii huutii usemi huo kwa mikono. Wakikuta ufa kichwani mwa mteremko, huujaza udongo wa mfinyanzi na kuchimba mifereji ya kuyakinga maji ya mvua yasiingie. Kisha hushuka chini na kufanya kinyume: hutoboa mwamba mashimo marefu ili maji yaliyokwisha kuingia yapate njia ya kutokea. Huziba juu, hutoboa chini. Hawashindani na mlima kwa nguvu, kwa sababu hakuna awezaye. Huyafungulia maji mlango wake, nao mlima hujishikilia wenyewe.

Lakini ufa huzibwa na anayeukubali. Kaskazini mwa Italia, katika bonde la Vajont, lilijengwa bwawa lenye ukuta wa mita 262, lililosanifiwa na Carlo Semenza. Aliyepanda Mlima Toc, juu ya bwawa hilo, kuuchunguza kwa miguu alikuwa mwanawe, Edoardo, mwanajiolojia kijana. Alirudi na habari ngumu kumpelekea baba: ubavu wa mlima ni poromoko la kale, na maji ya ziwa yanaweza kuliamsha. Mwaka 1960 ukafunguka ufa wa kilomita 2, wenye umbo la herufi M. Ziwa lilipoteremshwa, mlima ulitulia. Lilipopandishwa, ukatembea tena. Wakubwa wa mradi wakaamini wanaweza kuuongoza mwendo huo. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963, zaidi ya mita za ujazo milioni 260 za mwamba ziliserereka juu ya tabaka za udongo wa mfinyanzi zenye unene wa sentimita chache tu, zikatumbukia ziwani. Wimbi liliruka ukuta na kuufuta mji wa Longarone. Walikufa watu karibu 2,000. Ukuta wa bwawa umesimama mpaka leo.

Nasi tunao msiba wetu. Tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, vikaua watu zaidi ya 80. Hanang ni mlima wa volkano, kwa hiyo fikra za wengi zilikimbilia moto. Wataalamu waliokwenda kuuchunguza walieleza kwamba hapakuwa na mlipuko: sehemu ya mlima yenye mwamba laini ilikuwa imenyonya maji ikameguka. Maelezo hayo hayamrudishi aliyekwenda. Yanamwambia aliyebaki aogope nini: mvua inaponyesha siku kwa siku, chemchemi inapotoka tope, miti inapoinama pamoja upande mmoja, mlango wa nyumba unapogoma kufunga ilhali jana ulifunga.

Kabla hatujaondoka Soni, dada yule alinionyesha misumari miwili aliyoipigilia mwezi uliotangulia, mmoja kila upande wa ufa. Alitandaza utepe wa kupimia kati yake, akainama hadi pua ikakaribia jiwe, akasoma, akafungua daftari kulinganisha. Namba ilikuwa ileile. Akaiandika kwa uangalifu uleule ambao angeiandikia namba ya kutisha, pamoja na tarehe na saa. Basi lilipita nyuma yetu likipiga honi, limejaa watu na mizigo ya mboga, likaikata kona na kuendelea kushuka Mombo.