Wiki ya Desemba ya Mkimbiaji wa Norway, na Biskuti Zake

Kule Sandnes, kusini-magharibi mwa Norway, jua la Desemba huchomoza baada ya saa tatu asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshatua. Mchana wenyewe ni mvua na upepo wa bahari, na siku nyingine barafu nyembamba juu ya lami. Ndiko alikokulia Jakob Ingebrigtsen, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwa dakika 3:28.32. Wengi wanakumbuka mzunguko wa mwisho wa mbio zile. Kwangu mimi, ushindi wa mbio zile ulipatikana wakati wa baridi, kwa mazoezi ambayo mpita njia angeyaona mepesi mno.

Uti wa mgongo wa wiki yake ya mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, na kila siku kati ya hizo ina kazi mbili. Asubuhi ni vipande vitano vya dakika sita sita, mapumziko dakika moja. Jioni ni mita 1,000 mara kumi, au mita 400 mara ishirini na zaidi, kasi ikipanda kidogo. Kati ya vipande hutobolewa ndewe ya sikio, na tone la damu hupimwa laktati, kemikali inayoongezeka damuni misuli ikifanya kazi kali. Asubuhi isizidi sana milimoli 2.5 kwa lita. Jioni iishie karibu 3.5. Ikipita hapo, mkimbiaji hupunguza kasi hata kama miguu inamwambia aende. Aliyeusambaza mfumo huu ni Marius Bakken, Mnorway aliyekimbia mita 5,000 kwa dakika 13:06.39 mwaka 2004, na ufundi wote wa mfumo umo katika kujizuia huko. Ukipita kiwango, misuli hudai siku kadhaa za kupona. Ukibaki chini yake, unafanya kazi kubwa mara mbili kwa siku moja, kisha keshokutwa unarudia.

Jumamosi breki huachiwa: mita 200 za kupanda mlima, mara ishirini. Siku nyingine ni za kukimbia polepole, Jumapili ikiwa ndefu zaidi.

Sehemu kubwa ya kazi ya vipande hufanyika ndani, kwenye mashine ya kukimbilia, na sababu si baridi peke yake. Barafu hubadilisha hatua, upepo hubadilisha kasi, na kipimo cha damu cha wiki hii hakiwezi tena kulinganishwa na cha wiki iliyopita. Mashine haibadiliki. Wengi huiinua asilimia 1 kufidia upepo ambao haupo chumbani.

Sasa jikoni. Desemba nyumba nyingi za Norway huoka biskuti za Krismasi, na desturi ya zamani inataka aina saba. Inayojulikana zaidi ni pepperkaker: siagi gramu 150, sukari, shira, krimu kidogo, unga gramu 450, bikabonati, mdalasini, tangawizi, pilipili manga na karafuu. Mtu wa Pemba angeitambua harufu hiyo tangu mlangoni. Donge hulala kwenye friji usiku kucha. Unga hunywa maji, siagi hukaza, na siku ya pili linasukumika jembamba bila kukatika. Joto ni nyuzi 175, kama dakika kumi, na zitolewe zikiwa bado laini, maana hukauka zikipoa.

Baada ya vipande vya asubuhi, misuli hujaza tena wanga wake kwa haraka zaidi katika saa chache za mwanzo. Mkimbiaji mwenye kazi nyingine jioni anahitaji takriban gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya mwili wake, kila saa. Biskuti kumi nyembamba za gramu saba saba zina wanga wa karibu gramu 50. Ongeza glasi ya maziwa upate na protini. Kwa hiyo sioni sababu ya kumnyima mkimbiaji pepperkaker Jumanne adhuhuri. Fattigmann, aina nyingine ya biskuti za Krismasi, ni habari tofauti. Hizo zina iliki tamu kama ya mandazi yetu, lakini hukaangwa, na mafuta hukawia tumboni. Zisubiri Jumapili, mbio ndefu zikishakwisha.