Fito, Udongo na Pauni 53: Jinsi Mahandaki Yalivyopimwa White Sands

Tarehe 6 Oktoba 1976, kwenye uwanja wa majaribio wa White Sands, New Mexico, Marekani ililipua takriban tani 628 za amonia naitreti iliyochanganywa na mafuta. Jaribio hilo liliitwa Dice Throw. Mkataba wa 1963 ulikuwa umepiga marufuku kulipua nyuklia angani, hivyo wahandisi wakakusanya kemikali ya kutosha kutoa wimbi la hewa kama la bomu la nyuklia la kilotani 1.

Miongoni mwa vitu vilivyowekwa kwenye njia ya wimbi hilo, vinavyostahili kusomwa kwa makini ni vile vya Cresson Kearny na Conrad Chester wa maabara ya Oak Ridge: mahandaki ambayo familia ingeweza kuyajenga yenyewe kwa sepetu, shoka na miti. Yalifukiwa katika umbali tofauti ili kila moja lipate kipigo chake. Nyumba ya kawaida ya Marekani hubomoka kanieneo la hewa likizidi lile la kawaida kwa pauni 5 hivi kwa inchi ya mraba. Handaki moja la fito liliwekwa penye pauni 53, sawa na tani 37 hivi juu ya kila mita ya mraba. Fito zake hazikuvunjika.

Ukikokotoa nguvu za fito peke yake, jibu linakataa. Mzigo ulibebwa na udongo. Paa la fito hunepa kidogo linapogandamizwa. Likinepa, chembe za udongo ulio juu yake hubanana, zikajifunga kama tao, na tao hilo likausukuma mzigo pembeni, kwenye ardhi ngumu isiyochimbwa. Unyumbufu wa paa, ambao fundi wa nyumba angeuita kasoro, ndio unaoliamsha tao. Lakini udongo wa juu ukiwa mwembamba ukilinganishwa na upana wa paa hilo, tao halina pa kujijenga.

Kustahimili kwa paa hakumaanishi kwamba aliye ndani amesalimika. Wimbi hupenya kwenye kila uwazi, na ngoma ya sikio yaweza kupasuka kwa pauni 5 tu. Ndiyo maana mlango wa handaki na matundu yake ya hewa vinahitaji kupimwa kwa ukali uleule wa paa, na kuta za shimo lililochimbwa kwenye udongo tifutifu zinahitaji kuegemezwa, maana mtikisiko wa ardhi huziporomosha.

Hapa tarakimu ile ya 53 inahitaji tahadhari. Muda ambao wimbi husukuma hukua kwa kipeuo cha tatu cha ukubwa wa bomu: bomu la megatani 1 lina nguvu mara 1,000 ya kilotani 1, na msukumo wake hudumu mara 10 zaidi. Kwa pauni zilezile, hewa hupata muda mrefu wa kujaza chumba kupitia upenyo mdogo, na paa hulemewa kwa muda mrefu zaidi. Anayeitaja 53 bila kutaja kilotani 1 anawapa watu matumaini ambayo jaribio halikuyatoa.

Kemikali, tena, haina mnururisho. Sehemu hiyo ilibidi ikokotolewe: sentimita 9 hivi za udongo ulioshindiliwa hupunguza kwa nusu miale ya gama ya vumbi la nyuklia, kwa hiyo sentimita 90 huipunguza takriban mara 1,000. Miale hiyo huwalazimisha watu kukaa chini ya ardhi kwa siku nyingi, wakiwa wamebanana, na joto la miili yao likipanda. Kearny alilichukulia jambo hilo kwa uzito uleule wa mlipuko. Alibuni pampu ya hewa ya kuvuta kwa mkono, yenye fremu ya mbao na vipande vya plastiki vinavyofunguka upande mmoja tu, ili familia iliyoweza kuchimba handaki iweze pia kuitengeneza.