Kamunye nayo ipendwe

London kuna watu wanaopenda Routemaster, basi jekundu la ghorofa, kama mtoto wao. Liliacha njia zake za kawaida mwaka 2005, lakini bado wanaling'arisha na kutembea nalo Jumapili. Siwacheki. Nacheka sisi wa Kampala, tunaoita teksi yetu chuma chakavu. Jina lenyewe, kamunye, ni ushairi: kwa Kiganda ni mwewe, ndege anayeshuka ghafla kunyakua. Zote ni nyeupe, na mstari wa viboksi vya bluu, basi dereva anajitofautisha kwa kioo cha nyuma: dua, kejeli, jina la mama. Hiyo ni fasihi, tuisome. Sisi wakimbizi, kamunye ndiyo ilitufundisha Katwe na Nsambya. Chombo kinachokubeba kisingoje kufa ndiyo kipendwe.