Moyo wa Rais na saa ya kufunga gazeti

Asubuhi ya Jumamosi, Septemba 24, 1955, waandishi waliofuatana na Rais wa Marekani, Dwight Eisenhower, mapumzikoni Denver waliambiwa kuwa amevurugikiwa na tumbo. Mchana maelezo yakageuka: Rais amepata mshtuko wa moyo, tena mwepesi, na amelazwa hospitali ya jeshi ya Fitzsimons. Kwa hiyo serikali ilikuwa imeshajikanusha yenyewe kabla katibu wa habari wa Rais, James Hagerty, aliyekuwa likizoni Washington, hajapanda ndege. Aliondoka usiku huohuo.

Hagerty aliingia New York Times mwaka 1934 na akaripoti siasa za jimbo la New York. Mwaka 1943 alivuka meza, akawa msaidizi wa habari wa Gavana Thomas Dewey, na mwaka 1953 akaingia Ikulu na Eisenhower. Ingawa alikuwa ameiacha kalamu miaka mingi, alichofanya Denver kilifuata mantiki ya chumba cha habari.

Kwanza alijaza muda. Taarifa za mgonjwa zilitoka mara kadhaa kwa siku, hata pale ambapo hapakuwa na jipya kubwa. Mwandishi aliyetumwa mbali lazima apeleke habari kabla kurasa hazijafungwa. Akiamini kuwa taarifa nyingine i njiani, ataisubiri. Akikaa gizani, atamfuata mhudumu wa wodi, na neno la mhudumu ndilo litakalokuwa kichwa cha habari kesho.

Pili, alitoa vitu vidogo: Rais amekula nini, amelala vipi. Maneno kama “anaendelea vizuri” hayana uzito, kwa kuwa kila ofisi huyasema, hata mgonjwa akiwa mahututi. Orodha ya chakula cha mchana ni kitu ambacho mhariri anaweza kukichapa na msomaji akakipima mwenyewe.

Tatu, alimpisha mtaalamu. Jumatatu, Septemba 26, Dkt. Paul Dudley White, bingwa wa moyo kutoka Boston, aliwaeleza waandishi ugonjwa wenyewe na jinsi moyo unavyopona, na hakuona haya kutaja kwamba Rais ameenda choo. Yeye aliuita mshtuko huo wa wastani, si mwepesi. Masahihisho hayo yaliijengea taarifa imani kuliko sifa yoyote ambayo Ikulu ingejipa.

Siku hiyo bei za hisa New York zilianguka kwa asilimia 6.5, na kesho yake zikapanda kiasi. Hakuna msemaji anayeweza kuzuia pigo la kwanza la habari mbaya. Kazi yake ni kuhakikisha pigo la pili halitoki ofisini kwake.

Nne, alionyesha kuwa dola inatembea. Makamu wa Rais Richard Nixon aliongoza vikao vya baraza la mawaziri, na msaidizi mkuu wa Rais, Sherman Adams, akahamia Denver. Mwezi Oktoba Eisenhower alipigwa picha akiwa na pajama nyekundu, zawadi ya waandishi, zilizotariziwa maneno ya kuwashukuru na kusema hajambo sana. Novemba 11 aliondoka hospitalini. Mwaka uliofuata akachaguliwa tena.

Wachambuzi wengi huishia hapo na kumsifu Hagerty. Lakini nguvu yake ilitoka kwa mgonjwa mwenyewe, aliyeagiza ukweli usifichwe. Marekani ilikuwa bado inakumbuka jinsi kiharusi cha Rais Woodrow Wilson kilivyofichwa mwaka 1919. Kwa agizo hilo la Eisenhower, Hagerty alifika mpaka kwa madaktari, akawa na cha kusema.

Mei 1960 mambo yaligeuka. Ndege ya kijasusi ya U-2 ilipotunguliwa Urusi, shirika la anga la NASA lilitangaza kuwa ni ndege ya utafiti wa hali ya hewa iliyopotea. Hadithi hiyo ilitungwa kwa kuamini kuwa rubani hawezi kuwa hai. Mei 7 kiongozi wa Urusi, Nikita Khrushchev, akatangaza kuwa anaye rubani, Francis Gary Powers, na mabaki ya ndege. Siku chache baadaye Eisenhower alilazimika kukiri kuwa safari hizo za kijasusi zilifanywa kwa idhini yake, na mkutano wa wakuu mjini Paris ukavunjika. Hagerty alikuwa katika kiti kilekile. Safari hii, hata hivyo, siri ilikuwa mikononi mwa wapelelezi, na maneno yakatungwa ili kuilinda.

Serikali inapomwajiri mwandishi mahiri, watu huuliza kama anaandika vizuri na kama anajuana na wahariri. Swali lenye uzito zaidi ni anaingia kikao gani. Akiitwa wakati uamuzi unafanyika, ataweza kusema mapema swali litakalokuja kesho na kuizuia taarifa isiyoweza kusimama. Akiitwa baadaye kuja kunyoosha lugha, umahiri wake utaufanya uongo usomeke vizuri, na jina alilolijenga gazetini litaharibika pamoja na taarifa hiyo.