Wale ni Sisi: Viwakilishi, Umiliki na Nchi za Kubuni katika Riwaya

Utangulizi

Ipo kauli inayosikika mara kwa mara katika mikutano yetu ya fasihi, nayo ni kwamba Kiswahili hakina riwaya ya kubuni ya kisayansi. Wanaoitoa kauli hii aghalabu hutaja sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jamii zetu hazikuunda mitambo ambayo riwaya za aina hiyo huihitaji. Ya pili ni kwamba lugha yenyewe bado haina istilahi za kutosha, na kwa hiyo hatuna budi kuzisubiri kamati za istilahi zimalize kazi yake kabla ya mtunzi kushika kalamu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sababu zote mbili ni dhaifu, na kwamba udhaifu wake umetufanya tuzisome vibaya riwaya chache nzuri tulizo nazo.

Msomaji ana haki ya kujua mhakiki amesimama wapi. Naomba basi niseme mapema kwamba riwaya mbili nitakazozijadili kwa urefu ni miongoni mwa zile ninazozipenda kuliko nyingine zote za aina hii. Moja ni Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka 1995. Nyingine ni The Dispossessed ya Ursula K. Le Guin wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 1974 ikatunukiwa tuzo za Hugo na Nebula. Hata hivyo, mapenzi si hoja, na yanayofuata yapimwe kwa hoja peke yake.

Chombo na namna yake

Tuanze na sababu ya kwanza. Mwaka 1865 Jules Verne aliandika juu ya watu waliofyatuliwa kwa mzinga kuelekea mwezini, akajitaabisha kupiga hesabu za mwendo na baruti. Mwaka 1901 H. G. Wells naye aliwapeleka watu wake mwezini, lakini yeye alibuni kitu ambacho huzuia nguvu ya uvutano, kisha akaendelea na hadithi yake. Verne hakupendezwa. Alilalamika kwamba yeye alitumia fizikia ilhali mwenzake alibuni tu. Historia ya fasihi haikumpa Verne ushindi katika shauri hili: wote wawili huhesabiwa kuwa waasisi wa utanzu mmoja. Kumbe mtambo unaoweza kuundwa si sharti la utanzu. Sharti ni kwamba jambo moja geni likubaliwe, na matokeo yake yafuatwe kwa uaminifu hadi mwisho.

Kwa kipimo hiki, Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, haiko mbali na utanzu huu kama tunavyodhani. Nchi yake inaelea angani. Jonathan Swift, alipobuni kisiwa kinachoelea katika safari za Gulliver mwaka 1726, alieleza kwamba kinaendeshwa kwa sumaku. Shaaban Robert haelezi chochote. Yeye anakwenda moja kwa moja kwenye matokeo: nchi iliyotengwa na dunia na mbingu hupeleka wajumbe sita pande zote, nao wanaporudi na maarifa hutiwa gerezani. Karama anasimama mbele ya mfalme na baraza kuitetea elimu ya sheria, na utetezi wake ni kuwasimulia wasikilizaji yaliyowapata wajumbe hao. Swali linaloongoza kazi nzima ni la kisayansi kwa maana pana ya neno hilo: jamii hufanyaje inapoletewa maarifa ambayo haikuyatarajia?

Walenisi inatumia chombo kwa namna nyingine. Dzombo amehukumiwa kufa, naye anatiwa katika chombo cha angani kilichokusudiwa kumwangamiza. Anafanikiwa kukiongoza, na badala ya kufa anafika Walenisi. Mkangi haelezi kwa kirefu jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi, na baadhi ya wahakiki wangetaka aeleze. Tuangalie lakini alichokichagua. Mtambo wa hali ya juu kabisa katika riwaya hii ni mtambo wa kunyongea. Sayansi ya nchi anayotoka Dzombo imefikia angani, na imefika huko kwa ajili ya kuwaondoa wakosoaji. Mwandishi aliyeyawaza haya alikuwa mhadhiri wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi aliyetiwa kizuizini mwaka 1986. Dai kwamba hatuna mitambo ya kuandikia riwaya halimgusi. Alijua vyema kwamba dola huwa nayo.

Jina kama sentensi

Hapa ndipo wengi wetu tunapokomea. Tunawaambia wanafunzi kwamba Kusadikika ni Tanganyika chini ya ukoloni na kwamba nchi ya Dzombo ni Kenya ya chama kimoja, kisha tunafunga kitabu. Usomaji huo una ukweli wake, lakini unaifanya riwaya kuwa kufuli na mhakiki kuwa mwenye ufunguo. Mlango ukishafunguliwa, kufuli haina kazi tena. Kinachopotea ni kile ambacho sisi, watu wa idara ya lugha, tulipaswa kukiona kwanza, yaani sarufi ya nchi hizi.

Tuyatazame majina. Kusadikika na Kufikirika, riwaya aliyoiandika Shaaban Robert mwaka 1946 na ambayo ilichapishwa mwaka 1967, ni vitenzi-jina vyenye kiambishi cha kutendeka. Kitendo kipo, mtendaji hayupo. Kuna kusadikika, wala hatuambiwi ni nani anayesadiki. Ni majina yanayoifaa nchi ambayo fikra imeruhusiwa na mwenye fikra amefungwa.

Walenisi ni jina la namna nyingine kabisa. Ni sentensi kamili: wale ni sisi. Ina kionyeshi cha mbali, ina kitenzi kishirikishi kisichobeba wakati, na ina kiwakilishi cha nafsi ya kwanza wingi. Kionyeshi kinaweka umbali, kiwakilishi kinauondoa, na kati yao limo neno "ni" ambalo halisemi kama jambo hili limekwisha kuwa au litakuja kuwa. Katika miaka arobaini na minne tangu Kusadikika, nchi ya kubuni katika riwaya ya Kiswahili imetoka katika tendo lisilo na mtu ikafika kwa watu wenyewe. Huo si mchezo wa maneno. Ni nadharia ya jamii iliyoandikwa kwa silabi nne.

Lugha isiyomiliki

Sasa tumgeukie Le Guin. Riwaya yake ina sayari mbili. Urras ina mali, madola na matabaka. Anarres, mwezi wake ulio mkavu na maskini, inakaliwa na wafuasi wa mwanamke aitwaye Odo, ambao walihama ili wajenge jamii isiyo na serikali wala umiliki. Watu wa Anarres walijitungia lugha mpya, Pravic, ambayo huviepuka vimilikishi. Mtoto hufundishwa kumtaja mama bila kusema kwamba ni wake, na mtu mwenye maumivu hasemi juu ya mkono wake, bali husema kwamba mkono unamtenda yeye.

Msomaji wa Kiingereza hushtuka afikapo hapo, na mwandishi alikusudia ashtuke. Msomaji wa Kiswahili hashtuki hata kidogo. Sisi husema "mkono unaniuma" kila siku, na "mama amekuja" haina upungufu wowote masikioni mwetu. Fauka ya hayo, lugha yetu haina kitenzi chake cha asili chenye maana ya kuwa na mali. "Nina kitabu" maana yake ni kwamba niko pamoja na kitabu. Kitenzi "kumiliki" tumekipata kutoka Kiarabu, na "mali" vilevile. Ugeni ambao Le Guin aliubuni kwa juhudi, Kiswahili kinao bure.

Lakini tusijipongeze upesi. Kiswahili hichohicho kina neno "mwenyewe", lililojengwa juu ya -enye, kivumishi cha kumiliki. Nafsi na mmiliki ni neno moja: "nilikwenda mwenyewe" na "mwenyewe wa shamba hili ni nani?" Siasa za Kenya zilijua kulitumia neno hilo. Usemi kwamba chama kina wenyewe ulikuwa na nguvu kwa sababu ulisema mambo mawili kwa mara moja: kwamba chama kina watu wake halisi, na kwamba watu hao ndio wamiliki. Mtu anayetaka kuitafsiri riwaya ya Le Guin kwa Kiswahili hatasumbuliwa sana na vyombo vya angani. Atasumbuliwa na "mwenyewe". Akikimbilia "nafsi yangu", atakuta kimilikishi kinamngojea mlangoni.

Huenda msomaji akapinga kwamba sarufi haiamui maadili ya watu. Pingamizi hilo ni la haki. Wenye mashamba ya karafuu Unguja na Pemba katika karne ya 19 walisema "nina" kama tusemavyo sisi, na walimiliki watu. Le Guin mwenyewe analijua jambo hili. Shevek, mwanafizikia wa Anarres, anazuiwa na mkubwa wake Sabul, ambaye huyahodhi maarifa na kutaka jina lake litangulie katika kazi ya mwingine. Sabul anasema lugha isiyo na umiliki, na bado ni mmiliki. Hatudai, basi, kwamba sarufi huleta haki. Tunadai kwamba sarufi humpa mtunzi malighafi ya kuiwazia haki, na malighafi hiyo haihitaji kupitishwa na kamati yoyote.

Sisi gani?

Katika mizani hiyo, Walenisi inapungua. Dzombo anapokewa, anatembezwa, anaelezwa. Mara nyingi mno maelezo yanachukua mahali pa matukio, na wenyeji wa nchi bora huzungumza kama wahadhiri mbele ya darasa lililokubali kila kitu. Kasoro hii haitokani na uhaba wa istilahi. Inatokana na neno "sisi".

Kiswahili hakitofautishi "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomwacha nje. Mtu akisema "sisi tunakwenda", msikilizaji hana budi kutazama uso wa msemaji ili ajue kama amealikwa. Mkangi ameichukua "sisi" yenye ukarimu, akaacha ile nyingine kana kwamba haipo. Le Guin hakuiacha. Riwaya yake inaanza penye ukuta mfupi unaozunguka kiwanja cha vyombo vya angani cha Anarres, na hatuambiwi kwa uhakika ni upande upi uliofungiwa. Shevek anapoondoka kwenda Urras, umati wa watu huru unamtupia mawe, na mtu mmoja anauawa. Watu waliokataa umiliki wameimiliki "sisi" yao. Mkangi alikuwa na jina la nchi lililobeba swali hilohilo, jina ambalo Le Guin angelionea wivu, ila hakulipa nafasi ya kuuliza. Walenisi haina Sabul wake, na kwa hiyo Dzombo hana wa kubishana naye ndani ya nchi anayoipenda.

Hilo haliishushi riwaya hii hadi chini. Mtu aliyewahi kufungwa na dola iliyomwita adui ana sababu nzuri ya kutamani "sisi" isiyo na mlango wa kufungwa. Lakini Shaaban Robert, katika nchi yake ya angani, aliacha mabishano yaendelee hadi mfalme akalazimika kuwafungua wajumbe. Mabishano ndiyo yanayoipa Kusadikika uhai hata leo, na ndiyo tunayoyakosa Walenisi.

Hitimisho

Tukikubali hoja hizi, yapo mambo mawili ambayo idara zetu zinaweza kuyafanya bila gharama yoyote. Kwanza, tuwape wanafunzi wa tafsiri kurasa za The Dispossessed zinazohusu lugha ya Pravic. Watagundua kwamba mahali ambapo Kiingereza kinajitahidi Kiswahili kinapita wazi, na kwamba mahali ambapo Kiingereza kinapita wazi Kiswahili kinakwama. Zoezi hilo moja litawafundisha juu ya -enye na -na kuliko orodha ndefu ya mifano. Pili, tuifundishe Walenisi pamoja na Kusadikika katika darasa la sarufi na si la fasihi peke yake, tukiwauliza wanafunzi swali ambalo riwaya haikuliuliza: "sisi" iliyomo katika jina hili inamjumuisha nani, na inamwacha nani?

Waandishi chipukizi wamo katika madarasa hayohayo. Tukiendelea kuwaambia kwamba wasubiri istilahi, watasubiri. Tukiwaonyesha kwamba jina la sentensi moja lenye maneno matatu ya kawaida liliweza kubeba sayari nzima, na kwamba bado lina swali ambalo halijaandikiwa riwaya, huenda mmoja wao akaiandika.